Strati baa ya elfu 85: nimeipima kwa kalamu, usinunue kabla hujaona hii

Oya wadau mambo vipi, niko huku Nala, upepo wa Dodoma mnaujua kwahiyo sauti ikikata mnivumilie, maiki mpya inakuja mwezi ujao.

Leo ni hii strati baa niliyofunga kwenye Toyota Runx yangu, inaunganisha kichwa cha shokapu ya kulia na ya kushoto chini ya boneti. Runx haina chesesi yake peke yake, ile fremu ya chuma ya chini, kama Land Cruiser, bodi ndiyo chesesi, ukikata kona shokapu inasukuma kile kichwa na bodi inajikunja, hiyo mnaijua tusipoteze muda.

Kinachoniuma ni hapa, sogeza kamera, unaona? Kila mwisho wameweka boliti moja tu, baa inacheza juu chini kama bawaba ya mlango! Kitu cha kuzuia bodi isijikunje unakiwekea bawaba, kweli jamani?

Sikulala, nikaipima. Nikachukua mwanzi, upande mmoja nikaukaza kwenye kichwa cha kulia, mwisho wa pili nikafunga kalamu ikagusa karatasi niliyobandika kichwa cha kushoto. Nikazunguka kipilefti mara tatu bila baa, nikafungua boneti, kalamu imechora mstari kama milimita 3, ndivyo bodi inavyojikunja. Nikafunga baa, kipilefti kilekile, mwendo uleule, milimita 2 na kidogo. Na hela nimetoa 85,000!

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea. Baa tukaikazia gari likiwa limesimama kwa matairi yake, sio kwenye jeki, maana kwenye jeki uzito unahama na vipimo vinakudanganya, tukaweka alama, tukaivua, akachomelea viungo vyote viwili vya boliti visicheze tena. Haya tazama karatasi ya mwisho. Nukta! Naipenda sasa hii baa, usukani ukiugusa tu pua inafuata, haichelewi.

Ila kuna wachambuzi wanawaambia itatuliza gari kwenye rafu road, hapana, kama bushi na shokapu zimekufa hela peleka huko kwanza. Na wa Altezza mnaouliza kwenye komenti, mbele kwenu ni wishiboni mbili, yaani mikono miwili, wa juu na wa chini, ndiyo inashika tairi, shokapu haibebi kona kama ya kwangu, faida itakuwa ndogo.

Mwenye baa ya Runx au Allex ya kipande kimoja isiyo na viungo aniazime, Jumamosi narudi na mwanzi uleule.