Miwa: urea au mbolea ya bakteria?
Kwa mkulima wa miwa kando ya mto Malagarasi, Kigoma, urea hujibu upesi: asilimia 46 yake ni naitrojeni, kirutubisho cha mmea, na majani hukoza kijani baada ya siku chache. Ila mvua kubwa ikinyesha, sehemu yake huoshwa, na pesa yako nayo.

Bakteria hawana haraka hiyo, lakini ndio wanaonivutia zaidi. Gluconacetobacter diazotrophicus, aliyeelezwa na watafiti wa Brazili mwaka 1988, huishi ndani ya muwa wenyewe na kunasa naitrojeni ya hewani. Azospirillum, bakteria mwingine, hukaa mizizini na kuichochea itanuke. Unachovya pingili za muwa kwenye mbolea ya bakteria hao, unapanda. Ni viumbe hai, jua kali huwaua, watunze kivulini.

Mimi ningechovya pingili, kisha nipunguze urea taratibu, nisiiache ghafla.