Flashi ya kuweka kando ya kamera: ununue ipi ukiwa Mombasa?

Muuzaji atakuuliza kamera yako ni ya kampuni gani na una shilingi ngapi. Swali lenye uzito zaidi hapa kwetu hatakuuliza: mwanga wako utagonga wapi? Harusi nyingi za Mombasa ni za usiku, uwanjani au uani, chini ya turubai au chini ya mbingu tupu. Ile mbinu ya kuielekeza flashi darini ili mwanga urudi ukiwa laini haina kazi mahali pasipo na dari. Na turubai likiwa limezungushiwa vitambaa vya waridi, mwanga ukivigonga hurudi na rangi yake. Bibi harusi aliyekaa kwa mpambaji tangu adhuhuri anatoka na mashavu ya waridi, na ukijaribu kuiondoa rangi hiyo kwenye kompyuta, nguo nayo inabadilika.

Mchana shida ni nyingine. Saa sita, kwa ISO 100 (kiasi kamera inavyohisi mwanga) na shata 1/200 ya sekunde, jua la wazi linataka tundu la lenzi la f/11 hivi. Flashi ya kawaida ya wati-sekunde 76 (kipimo cha nguvu ya mmweko) iliyo ndani ya mwamvuli wa kulainisha mwanga, mita moja na nusu kutoka kwa mteja, itabidi iwake kwa nguvu kamili kila mara ili ikaribie kushindana na jua hilo. Ukitaka bahari ya nyuma ififie kwa kulifungua tundu hadi f/2.8, shata itapanda hadi 1/3200. Hapo umeingia kwenye HSS, yaani flashi kuwaka na shata ya kasi kubwa, na HSS hula nguvu: stopu mbili au zaidi zinakwenda, na kila stopu ni nusu ya mwanga.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa matumizi ni huu: pesa za kwanza ziende kwenye triga (kifaa cha redio kinachokaa juu ya kamera na kuiwasha flashi) na stendi, za pili kwenye nguvu ya flashi, TTL, yaani flashi kujipangia nguvu, ije mwisho. Najua wengi hununua kinyumenyume.

TTL ina kazi gani hasa

Ni mfumo ambao flashi hutoa mmweko mdogo wa kupimia, kamera ikausoma kupitia lenzi, kisha nguvu ya mmweko wenyewe ikapangwa bila wewe kugusa kitu. Unapomfuata bwana harusi anayeshuka garini kuelekea ukumbini, umbali ukibadilika kila hatua, utaishukuru. Lakini msimamishe mzee wa kanzu nyeupe, umkaribie hadi kanzu ijaze fremu. Kamera inadhani pana mwanga wa kupita kiasi, inapunguza, uso wa mzee unazama. Geukia mama wa buibui jeusi: sasa inaongeza, na uso wake unaungua. Katika picha za familia jukwaani watu husimama pale pale na stendi iko pale pale. Weka 1/8 au 1/4 ya nguvu kwa mkono, jaribu mara moja, na picha zitatoka sawa kuanzia shangazi wa kwanza hadi binamu aliyechelewa.

Sasa flashi zenyewe, kwa mpangilio ninaoutetea. Bei ninazotaja ni makadirio ya rejareja Marekani. Za hapa zidishe kwa kiwango cha dola cha siku hiyo, kisha ukumbuke usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya 16% kabla hujamwita mwenye duka mwizi.

1. Godox AD200Pro

Karibu dola 350. Kwa mtu anayeishi kwa harusi na picha za watu binafsi katika mji huu, hii ndiyo ya kununua. Ina wati-sekunde 200, yaani karibu stopu moja na nusu juu ya flashi za kawaida, na stopu hiyo na nusu ndiyo tofauti kati ya kupiga picha ufukweni saa tisa alasiri na kumwambia mteja arudi saa kumi na mbili. Betri yake ya lithiamu hutoa mimweko 500 hivi ya nguvu kamili, na ikishawaka kwa nguvu zote hujijaza upya kwa sekunde 1.8.

Huja na vichwa viwili: kimoja bapa chenye kioo, kingine balbu iliyo wazi. Ndani ya softiboksi (kisanduku cha kitambaa cha kulainisha mwanga) tumia balbu, kwa sababu mwanga wake hutawanyika pande zote na kuijaza softiboksi mpaka pembeni. Usiishike kwa vidole vitupu, na usiibebe bila kifuniko chake kwenye boda. Kasoro yake kubwa ni kwamba haikai juu ya kamera hata kidogo, kwa hiyo wakati wa kumkimbiza bwana harusi mlangoni utahitaji flashi nyingine. Toleo la AD200Pro II limeshatoka. Ukiliona la zamani limepunguzwa bei, chukua la zamani.

2. Godox V860III

Karibu dola 230. Kama una uwezo wa flashi moja tu na lazima ifanye kila kitu, ni hii. Itakaa juu ya kamera wakati wa msafara, kisha utaivua na kuiweka kwenye stendi maharusi wakishaketi. Betri ni ya lithiamu, mimweko 480 hivi ya nguvu kamili, na kujijaza ni sekunde 1.5. Sekunde hiyo na nusu utaielewa siku ya kukata keki: flashi za betri ndogo za AA huwa bado zinahema wakati kipande kimeshafika mdomoni.

Kwa kinadada wanaopiga picha za sherehe ya kupamba ndiyo ningeiweka ya kwanza. Pale ni wanawake watupu, ukumbi umejaa, bibi harusi anaingia taratibu, na hakuna anayetaka stendi tatu njiani akijikwaa na gauni lake la dira. Msaidizi wako akishika V860III juu ya monopodi (fimbo ya mguu mmoja), futi mbili juu ya kichwa chake na upande mmoja wa bibi harusi, unapata mwanga unaotoka pembeni na kwenda nao. Dhahabu na nakshi za nguo huonekana vizuri zaidi zikimulikwa kutoka pembeni. Zikimulikwa kutoka mbele hurudisha mng'ao mweupe tu.

Watakusukumia Godox V1 kwa dola 30 hivi za ziada. Nguvu ni ile ile ya wati-sekunde 76 na betri ni ile ile. Kinachobadilika ni kichwa cha mviringo na vifaa vyake vya kubandika kwa sumaku. Ukishaiweka ndani ya mwamvuli, hakuna atakayejua ilikuwa na kichwa gani.

3. Godox TT600, mbili

Karibu dola 65 kila moja. Anayeanza asome hapa kwanza. Haina TTL, inatumia betri nne za AA, na kujijaza kwa nguvu kamili huchukua sekunde 2.6 hivi. Lakini ina redio ya Godox ndani yake, na ukiiwasha kwa triga kutoka kando inafanya hata HSS. Flashi mbili za bei ndogo, moja mbele ya mteja kwa pembe na moja nyuma ikimulika mabega, hutoa picha ambayo flashi moja ya bei kubwa haiwezi kuitoa. Usiku pa wazi ile ya nyuma ndiyo humtenga mtu na giza. Bila hiyo, nywele nyeusi, koti jeusi na anga nyeusi huwa kitu kimoja.

Sharti langu moja: usizitie betri za kutupa za dukani. Nunua AA za kuchaji za NiMH, Eneloop au za aina hiyo, seti mbili kwa kila flashi. Hujaza flashi haraka zaidi, na hutalazimika kutafuta kioski Bamburi usiku wa manane.

4. AD400Pro na AD600Pro

Za kukodi. AD600Pro ina karibu stopu tatu juu ya flashi ya kawaida na hujijaza kwa sekunde 0.9. Jua la mchana halina la kuiambia. Lakini ni kama kilo tatu juu ya stendi, bei yake ni karibu dola 900, na ukiwa unapiga harusi za usiku utaishia kuitumia kwa 1/32 ya nguvu mwezi mzima. Ukipata kazi ya hoteli au ya tangazo la nguo ufukweni, ikodi, tia gharama kwenye hesabu ya mteja.

5. Yongnuo YN560 IV

Ilikuwa flashi ya kila mpigapicha mchanga, na bado inawaka. Haina HSS, na redio yake haisikilizani na triga za Godox. Ukipewa na rafiki, pokea. Kuinunua mpya leo wakati TT600 ipo ni kujifungia mlango.

Profoto sitaipangia namba. Ni vifaa bora, na ukiwa na wateja wa kulipia B10, huna haja ya ushauri wangu.

Triga, na mtego wa Canon

Kitu kimoja cha Godox ambacho wauzaji wenyewe huwachanganya watu: herufi ya mwisho ya jina huonyesha kampuni ya kamera, C kwa Canon, N kwa Nikon, S kwa Sony, F kwa Fujifilm. Herufi hiyo ni lazima ilingane kwenye triga. Kwenye flashi inayokaa kando ya kamera haina shida. V860III ya Nikon itaitii triga ya Canon bila ubishi. Kwa hiyo ukiona flashi ya mtumba ya herufi nyingine kwa bei ya kutupa, na nia yako ni kuiweka kwenye stendi tu, ni yako.

Triga ya X2T inatosha watu wengi. XPro ina skrini kubwa zaidi, X3 ina betri yake ndani na unaichaji kwa USB-C. Nunua ile unayoweza kuisoma gizani.

Wenye Canon EOS 2000D, 4000D au 250D, hapa kaza macho. Kamera hizo hazina ile pini ya katikati pale juu inapoingia flashi, na vifaa vingi vya kampuni nyingine hutegemea pini hiyo hiyo. TT600 ukiiweka juu yake haitawaka. Nenda dukani na kamera yako, piga na triga ile ile utakayonunua, ndipo utoe M-Pesa.

Halafu badilisha chaneli ya redio. Karibu kila mtu hapa anatumia Godox, na karibu kila mtu ameiacha kwenye chaneli 1 kama ilivyotoka kiwandani. Mkikutana wapigapicha wawili kwenye harusi moja, kila ukipiga flashi ya mwenzako inawaka, betri yake inaisha, na ugomvi unaanza kabla ya biriani.

Upepo

Mwamvuli kwenye stendi ufukweni ni tanga. Wakati wa kusi, na wakati wa kaskazi inaposhika, utaona flashi ya dola 350 ikielekea mchangani uso mbele. Beba mfuko mtupu wenye zipu, ujaze mchanga palepale, uning'inize kwenye mguu wa stendi. Pale bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, kumesakafiwa, basi mtungi wa maji wa lita tano utafanya kazi hiyo. Softiboksi ndogo ya sentimita 60 hustahimili upepo kuliko mwamvuli mkubwa, na kijana wa kushika stendi hustahimili kuliko vyote. Mlipe.

Kwenye vichochoro vya Mji wa Kale mambo hubadilika. Upepo hakuna, nafasi hakuna, ila kuta nyeupe zipo. Elekeza flashi kwenye ukuta uliopakwa chokaa, upande wa kushoto au kulia wa mteja, nao utakurudishia mwanga mpana na laini bila mwamvuli wowote.

Chumvi ya bahari hula shaba. Ukirudi kutoka pwani pangusa flashi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, na sehemu za chuma zinazogusana na kamera zipitishie spiriti. Betri za AA usiziache ndani.

Unaposafiri kwa ndege kwenda Lamu au Zanzibar kwa harusi, betri za lithiamu za ziada zibebe mkononi. Mashirika ya ndege huruhusu hadi wati-saa 100 kwa betri bila kibali, na ya AD200Pro haifiki 42.

Dukani

Ukinunua ya mtumba, usiridhike na mmweko mmoja. Iweke kwenye nguvu kamili, ipige mara thelathini kwa triga ukiwa umesimama upande wa pili wa duka, ukihesabu inachukua muda gani kujijaza. Fungua mlango wa betri utazame kutu ya kijani. Nusa kichwa: harufu ya kuungua haifichiki. Betri ya lithiamu iliyovimba ikatae hata kama flashi ni nzima, kwa sababu betri mpya itarudisha bei palepale ulipoikimbia. Na ikikosa kuwaka hata mara moja kati ya hizo thelathini, iache kabatini kwake.