Kibano cha kung'olea kupe: tathmini baada ya msimu mmoja wa mvua

Nafuga ng'ombe wanne wa maziwa nje kidogo ya mji wa Tukuyu, na kila masika, majani yanaporefuka, sikosi kurudi na kupe mwilini kutoka kukata malisho. Mwezi Desemba nilinunua kibano cha chuma chenye ncha nyembamba katika duka moja la dawa za mifugo pale Uyole, kwa shilingi 6,000, nami nimekitumia hadi Mei.

Ubora wake nimeuona kwenye ngozi. Kabla sijawa nacho, kupe alining'ata nyuma ya goti nikamng'oa kwa kucha. Kiwiliwili kikakatika, mdomo ukabaki ndani. Pakaota kinundu kigumu mfano wa punje ya kunde, kilichowasha usiku kwa zaidi ya wiki tano, na kilipotulia kiliacha doa jeusi ambalo hadi leo halijafutika. Februari mwingine alininasa kiunoni. Mke wangu alimbana kwa kibano hiki karibu kabisa na ngozi, akamvuta wima polepole bila kumzungusha wala kumminya tumbo, naye akatoka mzima, miguu ikichezacheza. Tulipaosha kwa maji na sabuni; kikabaki kipele kilichowasha siku tatu, na kufikia siku ya nane ukipapasa hupati kitu.

Kinachonisikitisha ni karatasi ya maelezo. Imejaa picha za ngozi nyeupe yenye duara jekundu linalopanuka, ambayo ni dalili ya ugonjwa wa Lyme, unaopatikana zaidi Ulaya na Marekani Kaskazini. Katika ngozi nyeusi hata wekundu wa kawaida wa jeraha hauonekani hivyo, bali huwa weusi uliokolea au zambarau, kwa hiyo ni lazima kupapasa joto na uvimbe kwa kidole. Huku kwetu cha kuangalia ni kidonda chenye kigaga cheusi katikati, pamoja na homa, maumivu ya kichwa na mitoki, kwa kawaida siku 5 hadi 10 baada ya kung'atwa. Hiyo ni homa ya kupe inayosababishwa na bakteria aitwaye Rickettsia africae, na daktari huitibu kwa doksisaiklini. Karatasi haisemi hata neno moja juu yake, jambo ambalo kwa bidhaa inayouzwa kwa wafugaji wa nyanda za juu si dogo hata kidogo.

Kwa papasi kibano hiki hakifai, kwa sababu yeye hujificha katika nyufa za nyumba za udongo, hunyonya usiku na kuondoka kabla hujaamka.

Ncha zimeanza kushika kutu kwa unyevu wa huku, hivyo kila nikimaliza nazifuta kwa spiriti na kuzikausha. Hata hivyo nimenunua cha pili, kwa ajili ya kijana anayenisaidia kukata majani.