Kioo cha sonara kimenifaa kuliko darubini ya kompyuta

Babu alipofariki aliniachia kopo la sarafu: senti za tundu, shilingi za mfalme wa Uingereza, na hela 20 mbili zilizogongwa Tabora mwaka 1916. Nilitaka kujua zipi zina kosa la kiwandani na zipi zimeumizwa tu na matumizi, nikanunua darubini ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta kwa shilingi 85,000. Huu ni mwezi wa nane tangu niinunue, na iko kabatini. Ninachotembea nacho ni kioo cha kukuza mara 10, kile cha masonara, cha shilingi 18,000.

Darubini si mbovu, picha zake ni safi sana. Ila inakuza kupita kiasi. Herufi moja ikijaa skrini nzima, kila mkwaruzo unafanana na kosa. Wiki ya kwanza niliamini kabisa kwamba shilingi yangu ya 1952 ina maandishi maradufu. Kwenye kioo nikaona herufi ya pili ni bapa, imekaa chini ya ile ya kwanza kama kidaraja cha ngazi. Hapo muhuri, yaani chuma cha kugongea sarafu, ulitikisika tu wakati wa kugonga, na wakusanyaji wengi hawaongezi bei kwa hilo. Muhuri uliochongwa maradufu hutoa herufi mbili zilizoinuka zote, ncha zake zimepasuka.

Hela za Tabora ndizo zilizonifundisha zaidi. Neno letu hela lenyewe limetokana na sarafu hiyo ya Wajerumani. Hizi za 1916 zilitengenezwa kwenye karakana ya reli katikati ya vita, shaba nyekundu kwa shaba ya njano, kwa haraka. Taji kufifia upande mmoja ni kawaida. Swali ni kama limefifia kwa kugongwa hafifu au kwa kuchakaa. Palipochakaa pamelainika na kung'aa, tena huanzia sehemu zilizoinuka. Palipogongwa hafifu bado pana ule ukakasi wa shaba, na ukigeuza sarafu mara nyingi utakuta upande wa pili nao umefifia mahali palepale. Yangu moja ni ya kugongwa hafifu. Ya pili, naumia kusema, mtu aliisugua kwa ndimu na majivu ikawa nyekundu kama sufuria mpya, na thamani yake ikaenda na ile rangi ya zamani.

Kioo hicho pia kiliniokoa na muuzaji aliyetaka 150,000 kwa shilingi yenye shimo shavuni mwa mfalme, akiiita "kosa la kiwanda". Ukingo wa shimo ulikuwa umevimba. Madini yaliyosukumwa yakajaa pembeni ni ya kupigwa baada ya sarafu kutoka kiwandani.

Nilinunua na mizani ya kupima hadi gramu 0.01, shilingi 25,000. Kwa sarafu za shilingi haisaidii kujua ipi ina madini ya fedha, kwa kuwa za 1946 kurudi nyuma zenye fedha robo na zile za 1948 zisizo nayo zina uzito unaokaribiana mno. Hapo soma mwaka. Ila mwezi uliopita nililetewa dhahabu ya rupia 15 ya Tabora, ile ya tembo, ambayo inapaswa kuwa na gramu 7.17. Nikaiweka juu ya mizani: 5.3. Nikamrudishia mwenyewe.