TI-84 Plus baada ya mihula miwili: kuchora ni rahisi, kuandika ndiko kazi

Kwanza tuelewane: kikokotoo ninachokizungumzia hapa si kile cha mafao, kanuni ya kukokotoa pensheni, kilichowakosesha wastaafu usingizi kule nyumbani Tanzania. Ni kile cha kuchorea grafu, TI-84 Plus, toleo lililoingia sokoni mwaka 2004, lenye kioo cha kijivu kama cha simu ya tochi. Nimekitumia mihula miwili chuoni hapa Ohio, kwanza kwenye aljebra, halafu trigonometria.

Nilikipata mtumba, dola 40. Muuzaji aliandika "kama kipya". Nilipofungua kifuniko cha betri nikakuta chuma kimoja kimeota unga mweupe wa betri iliyovuja. Siki kidogo, pamba ya masikio, kikawaka. Kinakula betri nne za AAA, na kuna kibetri kingine cha mviringo kinacholinda kumbukumbu wakati unabadilisha hizo nne.

Mimi nimesoma Tanga. Kidato cha sita tulitumia Casio fx-991MS, na karatasi ya mtihani ilisema wazi kwamba kikokotoo kisiwe cha kupangiwa programu. Grafu ilikuwa kazi ya mkono: jedwali la x na y, karatasi ya miraba, penseli iliyochongwa, na mwalimu nyuma yako akinung'unika kwamba mchirizi wako una kona. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipobonyeza Y=, nikaandika X²−4, nikabonyeza ZOOM kisha 6, bakuli likajichora lenyewe mbele ya macho yangu, nilicheka peke yangu jikoni.

Kicheko hakikufika jioni. Swali lililofuata lilikuwa y = −x² + 4x. Nikaandika vilevile nilivyoliona, nikabonyeza GRAPH: ERR:SYNTAX. Nikafuta, nikaandika upya, jibu lile lile. Karibu nusu saa nzima. Kumbe hiki kikokotoo kina alama mbili za "toa". Iko ya kutoa, upande wa kulia pamoja na jumlisha na zidisha, na iko ya hasi, chini kabisa jirani na ENTER, imeandikwa (-). Kwenye kioo ya hasi ni fupi na imepanda juu kidogo, usipoambiwa hutaiona. Namba au herufi ikianza na hasi, ni hiyo ya chini. Afadhali kwenye Y= kinakataa waziwazi, na ukichagua 2:Goto kinakupeleka hadi pale ulipokosea. Kwenye ukurasa wa kawaida ukianza mstari kwa alama ya kutoa hakilalamiki kabisa, kinajaza Ans− chenyewe, yaani kinatoa kwenye jibu lako lililopita. Unapata namba nzuri tu, ila si yako.

Mabano nayo yalinifunza adabu. Tulipewa mlinganyo wa sehemu: juu x + 3, chini x − 2. Kwenye daftari ule mstari wa katikati unajieleza wenyewe. Mimi nikabonyeza X+3/X−2. Grafu ilitoka, tena ya kuvutia, mikono miwili imeachana. Niliinakili ikarudi na mkasi mwekundu. Kikokotoo kilikuwa kimesoma x, ongeza 3 gawanya kwa x, toa 2. Weka x = 4 utaona: jibu halali ni 3.5, langu lilikuwa 2.75. Inatakiwa (X+3)/(X−2), mabano juu na mabano chini. Na ukiandika −3² kitakupa −9, kwa sababu kinaanza na kipeo ndipo kiweke hasi. Ukitaka 9, funga −3 kwenye mabano kwanza.

Sasa herufi, na hapa ndipo ninapokipenda kikokotoo hiki kuliko nilivyotarajia. Unaweza kuhifadhi namba ndani ya herufi yoyote, A mpaka Z, kwa kitufe cha STO. Mwelekeo ni kinyume na tulivyozoea ubaoni. Sisi tunaandika A = 5; hapa unaanza na 5, unabonyeza STO, mshale unatokea, kisha ALPHA na A. Mzigo kwanza, gunia baadaye. Halafu kwenye Y= naandika AX²+BX+C mara moja, narudi nyuma nabadilisha A kuwa 1, 2, hasi 3, nachora tena na tena. Nilielewa kazi ya ile A, kubana bakuli na kuligeuza kifudifudi, ndani ya dakika kumi. Shuleni niliikariri tu.

Ila jina la gunia ni herufi moja basi. Ukiandika BEI ukidhani ndilo jina la namba yako, chenyewe kinasoma B mara E mara I. Na magunia hayajimwagi. Ukizima, ukiwasha kesho, A bado imebeba ya jana. Cha mtumba kinakuja na namba za mmiliki wa zamani. Halafu X haitulii: ukishatembeza kishale juu ya grafu kwa TRACE, X na Y zinabeba pale kishale kilipoishia. Niliwahi kuweka 3 ndani ya X, nikaenda kuchora, nikarudi kutafuta X² nikitegemea 9. Tangu hapo namba ninayotaka ibaki naiweka kwenye A au B, X naiachia grafu.

Suala la dirisha, yaani kipande cha grafu kinachoonekana kwenye kioo. ZOOM 6 inakupa hasi 10 hadi 10 kila upande, na maswali ya fedha hayaishi humo. Mfano, fundi mmoja anadai 400 za kuanzia na 25 kwa saa, mwingine 180 na 45 kwa saa; je, ni kwa kazi ya saa ngapi gharama zinalingana? Nikaweka 25X+400 kwenye Y1 na 45X+180 kwenye Y2, nikachora, kikatokea kijistari kimoja tu kimesimama upande wa kushoto. Mistari yote ipo, ila inakokutana ni juu mno. Bonyeza WINDOW, weka X toka 0 hadi 20 na Y toka 0 hadi 1000, yote miwili inajitokeza. Kisha 2nd, TRACE, namba 5, ENTER mara tatu: saa 11 za kazi, dola 675. Usijaribu kukisoma hicho kituo kwa TRACE na macho. Kioo kina nukta 96 kwa 64 tu, na kwenye dirisha la ZOOM 6 kishale kinaruka kwa .21276596, hakitui kwenye 2 kamili hata ukikibembeleza. ZOOM 4 inakwenda kwa 0.1.

Kinachotatua milinganyo, Solver, kiko mstari wa mwisho wa menyu ya MATH. Kinataka upande mmoja uwe sifuri, kwa hiyo x² − 5x = 14 unaihamisha mwenyewe iwe X²−5X−14. Kinatoa jibu moja kwa wakati: nikianzia 10 napata 7, nikianzia −10 napata −2. Situmii sana.

Nusura nisahau Plot1. Pale juu ya Y= kuna maneno Plot1, Plot2, Plot3, ya kuchorea grafu za takwimu. Kidole kikiteleza, ukapanda na mshale ukabonyeza ENTER, Plot1 inageuka nyeusi, na kila ukitaka kuchora unaambiwa ERR:INVALID DIM, hata mlinganyo wako uwe safi kama pamba. Panda tena, bonyeza ENTER, imekwisha.

Ninunue kipya? Mimi nisingenunua. Kwa kujifunzia nyumbani Desmos, kikokotoo cha grafu cha mtandaoni, ni bure, unaandika sehemu kama ilivyo kitabuni na rangi juu, na imo hata ndani ya SAT ya kompyuta, ule mtihani wa kuombea vyuo Marekani. Lakini kozi yangu hairuhusu simu kwenye mtihani, na vitufe vya TI-84 Plus mkono wangu sasa unavijua gizani. Cha mtumba, kikaguliwe mlango wa betri, nakipa nyota nne.

Kabla ya mtihani wa trigonometria mwalimu alipita meza kwa meza tufute kumbukumbu: 2nd, +, 7, 1, 2. A, B na C zangu zote zikaenda, kioo kikaandika RAM cleared. Jirani yangu akakimbilia swali la kwanza. Mimi nikafungua MODE kwanza nikarudisha Degree, yaani pembe kwa nyuzi, maana ukikifuta kinarudi kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe.