Île de Ré kwa gari na hema: uzoefu wangu

Île de Ré ni kisiwa cha Wafaransa wenye nazo. Kiko upande wa Atlantiki, mkabala na mji wa La Rochelle, na zile nyumba nyeupe zenye madirisha ya kijani wanazigombania matajiri wa Paris. Sisi tulikwenda na hema, mimi, baba watoto na wanetu wawili, usiku saba kwa yuro 48 kila usiku pamoja na umeme, kodi ya wageni mbali. Bahari tuliyooga ni ileile wanayooga wao.

Nianze na viza, maana ndiyo iliyonikosesha usingizi. Watoto na baba yao wana pasi za Uingereza. Mimi bado nina ya Tanzania, kwa hiyo kuishi kwangu Reading, Uingereza, hakunipunguzii kitu mpakani, lazima nipate viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa ikiwemo. Ada ni yuro 90, bima ya safari isipungue yuro 30,000, na uonyeshe kwa maandishi utalala wapi. Barua ya kambi yetu ya mahema ilikuwa na jina la mume wangu peke yake, nikarudishwa. Wenye kambi walituma nyingine yenye majina yote manne siku hiyohiyo, lakini miadi mpya niliipata baada ya wiki tatu, na nauli ya meli tulishalipa. Ndugu yangu mwenye pasi kama yangu, andikisha jina la kila mtu tangu unapolipia kiwanja cha hema, na peleka ombi mapema. Wanapokea kuanzia miezi 6 kabla ya safari.

Wiki ya mwisho ya Agosti tuliichagua kwa hesabu. Shule za Ufaransa hufunguliwa mwanzoni mwa Septemba, hivyo familia nyingi huwa zimeanza kurudi makwao na kambi zinashusha bei, ilhali watoto wetu wa Uingereza wana siku chache bado. Jumamosi za Agosti ziepuke. Bison Futé, huduma ya serikali ya habari za barabarani, hutoa kalenda ya rangi, na siku iliyopakwa nyeusi utaimalizia kwenye foleni.

Tulipanda meli ya usiku Portsmouth, asubuhi tukashuka Ouistreham karibu na Caen. Kuanzia Caen barabara ya A84 hadi Rennes, kisha kuteremka hadi Nantes, hulipi senti. Malipo yanaanza ukishaipita Nantes. Daraja la kisiwani, lililofunguliwa 1988, lina urefu wa karibu kilomita 3, nasi tulilipa yuro 16. Unalipa unapoingia tu, kutoka ni bure.

Sasa kambi yenyewe. Kwenye maandishi kiwanja chetu kilikuwa mita za mraba 80. Tulipofika, msonobari umesimama karibu katikati, ua umebana pande mbili, na gari nalo likae humohumo. Hema letu lina urefu wa mita 7. Tulihangaika saa nzima na vigingi, watoto wana njaa, mpaka kijana wa mapokezi akatuhurumia akatuhamishia kiwanja kingine. Usiulize ukubwa wa mraba. Tuma vipimo vya hema lako, uulize miti iko wapi.

Umeme wao ni ampea 6, yaani kama wati 1,380. Birika la umeme la Uingereza lenye wati 3,000 linakata umeme papo hapo. Mkaa hauruhusiwi, misonobari isije ikashika moto, kwa hiyo mishikaki sahau, beba jiko la gesi. Nyama na maziwa huruhusiwi kuvusha kutoka Uingereza, nasi nyama yetu ya halali tuliiacha kwenye friji. Hatukujuta. Soko la La Flotte, mji mdogo wa kisiwani, asubuhi lina samaki wabichi na viazi vidogo vya kisiwa hicho, vitamu vyenyewe. Nilikuwa na makopo ya tui la nazi, jioni tukala samaki wa nazi kwa wali chini ya misonobari.

Lililoniuma ni bwawa la kuogelea. Siku ya kwanza niliambiwa vazi langu la kuogelea la kujisitiri haliruhusiwi, wala kaptula pana ya mwanangu. Bwawa ni lao na sheria ni yao, lakini ilipasa niyajue hayo kabla hawajapokea pesa yangu. Dada zangu mnaojisitiri, ulizeni kwanza. Baharini nilioga na vazi langu kila siku, hakuna aliyenisemesha. Mwaka 2016 Conseil d'État, mahakama ya juu kabisa ya masuala ya utawala nchini humo, ilisimamisha katazo la mji mmoja wa kusini uliotaka kuzuia mavazi hayo ufukweni.

Gari halikuondoka kambini tangu Jumanne. Kisiwa ni tambarare na njia za baiskeli zinazidi kilomita 100. Nikiulizwa nini kinastahili safari yote hiyo, nitasema ile njia ya kwenda kijiji cha Ars-en-Ré inayopita katikati ya mashamba ya chumvi. Babu yangu alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi Tanga. Nilipomwona mzee mmoja anavuta chumvi kwa kijiti kirefu cha mbao, taratibu asichanganye na tope, nilishuka kwenye baiskeli nikasimama. Mikono ya babu ilikwenda vilevile. Wanangu hawakumkuta babu, nikawaeleza palepale maji yanavyoingizwa, yanavyohamishwa kidimbwi hadi kidimbwi, na jua linavyomalizia kazi.

Mapokezi wanatoa jedwali la maji kupwa na kujaa, lichukue. Siku ya bamvua maji yalikwenda mbali sana, watu wakateremka na ndoo kuokota chaza na kombe kama kwetu. Kuna vipimo vya kisheria, wadogo unawarudisha.

Mwakani tutarudi kambi ileile. Vipimo vya hema nimeshawatumia.