Mahakama ya mwanzo: hukumu utaipata, pesa utaitafuta mwenyewe

Nakodisha viti, turubai na masufuria ya shughuli hapa Magomeni, Bagamoyo, na kazi hii haiendi bila kukopesha. Harusi inakuja, kamati inalipa nusu, nusu nyingine unaambiwa "tukishavunja kamati, mama". Safari hii kamati ikavunjwa kweli na mwenyekiti wake akaacha kupokea simu. Nikampeleka mahakama ya mwanzo. Naandika haya kwa wenzangu wenye biashara ndogo wanaosamehe madeni kwa kuwa tu hawana wakili.

Wakili huhitaji. Tangu sheria ilipobadilishwa 2016, mahakama ya mwanzo inasikiliza madai ya fedha hadi milioni 30. Sasa sisi wa viti na masufuria tutafika lini huko? Kila kitu ni Kiswahili, kuanzia hati ya madai hadi hukumu, na huku chini ndivyo ilivyokuwa siku zote. Waliosubiri sheria ya 2021 ni mahakama za juu. Mwaka huohuo 2021 ndipo mawakili waliporuhusiwa kuingia mahakama ya mwanzo, ile inayokaliwa na hakimu mkazi. Mdaiwa wangu alikuja na wakili wake, kijana nadhifu. Hakunitisha.

Masijala, ile ofisi ya kufungulia mashauri, nawapa nyota zote. Nilikwenda na karatasi niliyochapiwa kwenye kibanda cha steshenari nje ya geti, ukurasa mzima jinsi nilivyodhalilishwa na kuumizwa roho. Karani, dada mmoja mwenye miwani ya kamba, aliisoma mpaka mwisho bila kucheka, akachukua kalamu akakata karibu yote. "Mama, hapa roho haina bei. Niandikie viti vingapi, lini, kwa shilingi ngapi." Tukabaki na mistari michache tu, na mistari hiyohiyo ndiyo iliyoshinda. Ada unalipa kwa simu kwa kontroo namba, hakuna anayeshika pesa yako mkononi, na haikuwa ada ya kunitoa jasho.

Kusubiri, hapo napunguza nyota. Wito unasema saa tatu asubuhi, lakini wanaanza na mahabusu, halafu mirathi, halafu ndoa, nyie wa madai mkae mtulie. Jina linaitwa mlangoni mara moja kwa sauti ya kawaida. Ukiwa umekwenda kunywa chai, shauri lako. Kuahirishwa kupo, mara shahidi hayupo, mara hakimu yuko semina. Kuleni kabla hamjaingia, yule mama ntilie wa ng'ambo ya barabara maharage yake yanaisha mapema.

Usikilizaji wenyewe ulikuwa mtamu. Mdaiwa alisema deni ni la kamati, na kamati haipo tena. Hakimu akachukua daftari langu, akafungua ule ukurasa, akampa asome mwenyewe kwa sauti. Akasoma: viti 300, turubai 4, masufuria makubwa 6, nimepokea, na sahihi. "Hii sahihi ni ya kamati?" Kimya. Wakili akasimama kusema sahihi haikushuhudiwa na mtu. Hakimu akamuuliza kama mteja wake anakana kwamba watu walikalia viti vile. Hakukana. Nikapewa haki yangu pamoja na gharama.

Kama ningeandika siku ile ningewapa nyota tano nikafunga. Lakini hukumu ni karatasi. Aliyeshindwa ana siku 30 za kukata rufaa mahakama ya wilaya. Zikapita, hakukata, wala hakulipa. Unarudi tena kuomba kukazia hukumu, yaani alazimishwe kulipa, na hapo ndipo nilipojua kwamba anayetafuta mali ya kukamatwa ni wewe mdai. Mahakama haizunguki mtaani kukuchunguzia. Karani akanionya kabisa kwamba nguo, vyombo vya kupikia na zana za kazi za mtu haviguswi. Gari tunalomwona nalo kila siku? La shemeji yake. Nyumba ya urithi, wenyewe wako sita.

Basi nikawa naamka usiku nawaza wale Waswidi wa miwa. Watu wa Bagamoyo tunaikumbuka habari hiyo: kampuni ya EcoEnergy ilipewa ardhi ya Razaba kulima miwa, mwaka 2016 serikali ikafuta hati, wakapeleka kesi baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia kule Washington, na 2022 wakaandikiwa kulipwa dola milioni 165. Wakashinda. Halafu? Halafu wakawa kama mimi, macho barabarani. Mwisho wa mwaka huohuo ndege yetu ya Airbus iliyokuwa Maastricht, Uholanzi, kwa matengenezo ya injini ikazuiliwa kwa sababu ya deni lile. Kama mlipa kodi iliniuma. Kama mdai niliwaelewa.

Na wa siasa ndio wanaokoma zaidi. Raila Odinga tarehe 1 Septemba 2017 alishinda kesi kubwa kuliko zote, Mahakama ya Juu ya Kenya chini ya Jaji Maraga ikafuta uchaguzi wa rais. Ukarudiwa Oktoba, yeye akajitoa, Kenyatta akaapishwa. Hapa kwetu ibara ya 41(7) ya Katiba inasema rais akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi hakuna mahakama ya kuuchunguza ushindi wake. Wakili Jebra Kambole akaishtaki nchi kwenye Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu palepale Arusha, Julai 2020 akashinda, serikali ikaamriwa irekebishe. Ibara bado ipo. Yeye atakamata pikipiki ya nani?

Mimi niliipata. Jirani alininong'oneza kwamba ile bodaboda nyekundu ya kijiwe cha stendi ni ya mdaiwa, kijana anaendesha kwa hesabu ya siku. Nikapeleka namba mahakamani, kadi ikaonekana ina jina lake. Dalali wa mahakama, yule anayekamata mali ya mdaiwa, akaenda na karatasi yake na mjumbe wa kitongoji. Wakili akakimbilia kusema ni zana ya kazi. Hakimu akajibu kazi ni ya yule kijana, siyo ya mteja wako. Kijana wa watu alikosa riziki kwa ajili ya viti asivyovikalia, hilo nalisema wazi, na halikunifurahisha. Jioni ileile mdaiwa akapokea simu yangu kwa mara ya kwanza tangu harusi.

Amelipa zaidi ya nusu, iliyobaki analeta kidogokidogo kila mwezi mbele ya karani, inaandikwa, anasaini. Utaratibu huo ni mzuri, maana hamgombani njiani. Dalali gharama zake zipo, muulize kabla hajatoka ofisini.

Kwa jumla nyota tatu na nusu. Kama unayemdai ana kitu kwa jina lake, nenda hata kesho, asubuhi na mapema, na daftari lenye sahihi. Kama hana, mfuate mwenyekiti wa kitongoji mkae mpatane, utaokoa nauli. Mimi siku hizi anayekuja kuchukua viti kwa mkopo namwomba aandike na namba ya chombo chake cha moto. Mpaka sasa hakuna aliyekataa, isipokuwa bwana mmoja aliyeuliza kama nataka kukinunua.